Sahani Yenye Tundu

Nilifika Rumonge siku ya pili ya matanga ya Baba mkubwa Rajabu, na kabla sijampa pole mtu yeyote nikaiona sahani. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nje ya jiko, pale pale ilipotundikwa miaka ishirini na zaidi iliyopita. Ni sahani nyeupe ya bati yenye mstari wa buluu, rangi imebabuka chini, na ukingoni ina tundu moja lililotobolewa kwa msumari. Nilisimama na mkoba begani, watu wakinishika mikono na kuniambia amahoro na poleni, nami nikiwaitikia bila kuwasikia. Hasira niliyodhani nimeizika zamani ilipanda upesi mpaka nikaona aibu, maana mwenye nyumba alikuwa amezikwa jana yake na mimi nilikuwa tayari nagombana naye. Hata sasa? nikajiuliza. Mwajuma, binti yake, ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, ndiye anayeendesha mashine ya mawese inayolisha nyumba hii, na wamemtundikia tena sahani? Nilimtafuta kwa macho, nikaambiwa yuko ndani na Mama mkubwa, wanapokea wageni. Nikaketi mkekani pamoja na wanawake wengine, nikameza swali langu, maana matangani hakuulizwi habari za sahani.

Kwa asiyeijua pwani yetu ya ziwa, nieleze. Nyumbani kwa Baba mkubwa chakula kiliandaliwa kwenye sinia moja: ugali wa muhogo katikati, sombe, yaani kisamvu, pembeni iking'aa kwa mafuta, na mukeke wa kuchoma juu yake, mzima, kichwa kikielekea upande wa Baba mkubwa. Kichwa cha samaki kilikuwa chake, na hakuna mkono mwingine uliokigusa. Kila mtu alikula upande wake, na aliyealikwa kwenye sinia alikuwa mtu wa nyumba hata kama amefika asubuhi hiyo hiyo. Lakini mwenye kifafa, kile ambacho Warundi wanakiita intandara, hakukaribishwa. Watu waliamini, na wengi bado wanaamini, kwamba ugonjwa unasafiri ndani ya povu linalomtoka mdomoni anapoanguka. Kwa hiyo alipewa sahani yake na kikombe chake. Sahani ilitobolewa ili isichanganyike na nyingine, na ikatundikwa nje ili isioshwe nazo. Mwajuma alipewa yake alipoanza kuanguka, akiwa msichana, na tangu hapo alikula nyuma ya jiko, kwenye ngazi ya saruji inayotazama migazi, ile michikichi ya mawese, na kilichomfikia daima kilikuwa mkia wa samaki.

Niliyakuta hayo mwaka niliomaliza masomo ya darasani pale chuo kikuu Bujumbura, nikabakiwa na memwari tu, ile kazi ndefu ya kuandika ambayo bila hiyo hupewi shahada. Chumba cha chuoni nilitakiwa kukiacha, na Baba mkubwa akasema njoo Rumonge, huku kuna utulivu. Utulivu! Nilipewa chumba cha mbele, kile cha wageni, chenye meza iliyofunikwa plastiki ya maua, makochi yenye vitambaa vya kufuma, na ukuta mwembamba uliopitisha kila neno la chumba cha pili. Madumu ya mawese yalipangwa mpaka karibu na kitanda changu, na harufu yake iliingia kwenye nywele, kwenye shuka, kwenye fotokopi zangu za makala za Kifaransa na Kiingereza. Mchana wanawake walikuja kununua mafuta wakibishana bei chini ya dirisha langu, na jioni redio ilipigwa kwa sauti ya kuwafaa majirani wote. Nilikuwa na umri ambao mtu anaamini kwamba jambo likishajulikana kuwa kweli, kazi iliyobaki ni kulisema tu.

Mada yangu ilikuwa hii, na nitaieleza kama nilivyoieleza siku ya kwanza, kwa sababu hadi leo sijakubali kwamba ni ngumu. Chembe za ubongo hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna pengo dogo mno, linaloitwa sinapsi, na chembe inayotuma habari humwaga kemikali katika pengo hilo, na chembe ya upande wa pili huipokea. Kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba habari zinakwenda upande mmoja tu, kutoka kwa mtumaji kwenda kwa mpokeaji, basi. Kisha watu wakagundua kwamba mpokeaji naye anajibu. Akiletewa habari nyingi kupita kiasi, huchukua sehemu ya mafuta ya ukuta wake mwenyewe, huigeuza pale pale kuwa kemikali nyingine, nayo huvuka pengo kwa kurudi nyuma mpaka kwa mtumaji, kumwambia punguza. Mtumaji ana vipokezi vya kulisikia neno hilo, na akilisikia anapunguza kumwaga. Kemikali hiyo haiwekwi akiba popote. Inatengenezwa inapohitajika, inafanya kazi yake mahali pale, kisha inavunjwavunjwa inaisha. Makala zilizoeleza jambo hilo zilikuwa mpya wakati ule, nami nilipozisoma nililia kwa furaha, jambo ambalo sikumweleza mtu.

Balaa ilikuwa jina. Kemikali hizo zinaitwa endokanabinoidi, kwa sababu vipokezi vyake viligunduliwa na watu waliokuwa wakichunguza bangi inaufanyia nini ubongo. Baba mkubwa alikuwa mtu wa redio na alijua Kifaransa cha kutosha. Nilipolitamka lile neno, mkono wake ulisimama juu ya ugali.

"Rudilia kidogo," akasema. "Endo nini?"

"Endokanabinoidi, Baba mkubwa."

"Kanabi. Ile kanabisi? Ya bangi?"

"Haiko bangi. Ni kitu ubongo unajitengenezea yenyewe, inafanana tu na..."

"Mama Mwajuma, unasikia? Tumetuma mutoto chuo, anaturudilia na bangi."

"Baba mkubwa, nasema ubongo wa kila mutu..."

"Kumbe iko mbaya zaidi! Bangi iko ndani ya kichwa ya kila mutu?"

Watoto wa jirani waliokuwa wakila nasi walicheka mpaka wakapaliwa. Mimi nilieleza tena, na kila nilivyoeleza nilizidi kuzama. Baadaye, kupitia ule ukuta mwembamba, nilimsikia Mama mkubwa akinitetea kwa namna yake. "Muache mutoto," alimwambia mumewe. "Labda ni profesa wake ndiye anavuta." Wiki ile ile Elia, Mkongo wa Fizi aliyekuwa akisukuma mashine yetu ya mawese, mtu mpole, Mpentekoste, alinifuata dirishani akinong'ona. Alikuwa amesikia kwamba mimi najua bangi ya kutuliza kichwa, na alikuwa tayari, kwa ajili ya Mwajuma, kutafuta kidogo kwa watu anaowajua. Nilimwambia hapana, tafadhali. Nikamweleza kwamba neno la ubongo linasemwa mahali pamoja, kwa muda mfupi, na aliyelihitaji. Bangi yenyewe inaingia kila mahali kwa wakati mmoja bila kuitwa na mtu, na inakaa saa nyingi. Tena vipokezi hivyo viko hata kwenye chembe ambazo kazi yake ni kutuliza wenzake, kwa hiyo ukizinyamazisha hizo, unaweza kuzidisha moto badala ya kuuzima.

"Kwa hiyo haiko dawa," Elia akasema.

"Haiko."

"Na hiyo yako ya ubongo, wanauzisha wapi?"

"Haiuzwi, Elia."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Pole, dada Zai," akasema, akarudi kazini.

Nisimcheke Elia. Mimi mwenyewe nilijua kwamba memwari yangu haina kidonge ndani yake, na hilo liliniuma kuliko kicheko cha kwenye sinia. Vidonge vya Mwajuma vilikuwa vya kawaida, vya siku nyingi, vinavyotuliza ubongo kwa njia nyingine kabisa. Alivipata kituo cha afya vikiwepo, na mara nyingi havikuwepo. Nilikuwa nikimsindikiza, tukapanga foleni asubuhi nzima kwenye benchi, tukaambiwa rudini wiki ijayo, nasi tukarudi kwa miguu kupitia njia ya sokoni, mimi nikifoka na yeye akitazama vitenge. Siku vidonge vilipopatikana alikaa vizuri. Vilipokosekana alianguka. Lilikuwa jambo wazi mno, na nilidhani mtu yeyote mwenye macho angeliona na kuitoa sahani msumarini, maana povu gani hilo linalojua kama duka la dawa lina mzigo au halina?

Nililielewa somo langu vizuri zaidi siku niliyokwenda kukaa kwenye mashine. Haikuwa na mota. Ngazi, yaani matunda ya migazi, zilichemshwa kwenye mapipa, zikapondwa, zikatiwa ndani ya kifaa cha chuma chenye skrubu juu, na wanaume wanne wakasukuma mti mrefu wakizunguka, skrubu ikashuka na kukamua. Chini palikuwa na mdomo ambapo mafuta yalitoka kuingia kwenye karai. Wakisukuma upesi mno, makapi yanapenya pamoja na mafuta, karai linachafuka, na kazi yote ni hasara. Kwa hiyo lazima mtu akae pale mdomoni, atazame, na akiona mafuta yanabadilika aite "Tuliza!" Wanaume wazima wakasimama papo hapo, bila kuuliza kwa nini. Kazi hiyo ilikuwa ya Mwajuma tangu utoto, na watu walisema hakuna aliyeita kwa wakati kama yeye. Aliondolewa alipoanza kuanguka, kwa sababu moto wa mapipa ulikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na kwa hilo Baba mkubwa hakukosea. Lakini alikaa mdomoni yeye mwenyewe, naye alikuwa mwenye mali, alipenda kuona mafuta yakimwagika kwa wingi, na kila mara aliita kwa kuchelewa. Mwaka ule mawese yetu yalikuwa machafu.

Nikasema, haya basi, hiki ndicho kitabu anachokijua. Nilisubiri wasukumaji wapumzike, nikachuchumaa karibu naye.

"Baba mkubwa, ukiita 'tuliza', ni nani anasikia?"

"Wenye kusukuma. Nani tena?"

"Sasa ubongo nao unafanya vile vile. Yule wa chini anayepokea, akizidiwa, anaita kwa yule wa juu anayesukuma. Hiyo ndiyo memwari yangu. Haiko bangi."

Uso wake ulifunguka. Sijawahi kuona mtu akielewa jambo upesi namna ile, na nimefundisha biolojia maisha yangu yote tangu hapo. "Ina maana hiyo kitu yako," akasema polepole, "ni mutu wa kuita."

"Ndiyo, Baba mkubwa! Ndiyo!"

"Na kifafa?"

"Kifafa ni chembe nyingi zinasukuma pamoja, kwa nguvu, na wa kuita wanazidiwa. Huyu wa kuita siye peke yake, kuna njia zingine za kutuliza, na hata wataalamu hawajui yote. Lakini iko mambo ya ndani ya kichwa. Ndani, ndani. Haitoki inje."

Akatikisa kichwa, akafikiri, akautazama mdomo wa mashine. "Basi Mwajuma hana mutu wa kuita," akasema kwa uchungu. "Mungu alimunyima."

"Lakini unaona kwamba haiambukizi. Haiko mu povu. Sahani haina kazi."

Alijipangusa mikono kwa makapi, akasimama. "Sahani iko kitu ingine, Zaituni," akasema. "Povu ni povu."

Nimelirudia neno hilo miaka yote hii. Wanafunzi wangu wamenisikia nikilisema ubaoni bila kujua limetoka wapi. Ningeweza kumvumilia mtu asiyeelewa, kwa sababu asiyeelewa unamweleza tena. Lakini Baba mkubwa alielewa, alielewa kuliko mmoja wa walimu walionisikiliza baadaye nikitetea memwari, na kuelewa kwake hakukusogeza sahani hata kidole kimoja. Nilirudi chumbani nikazitupa fotokopi sakafuni. Zikanuka mawese kama kawaida yake.

Mwajuma alianguka mchana mmoja uani, vidonge vikiwa vimekosekana tena. Alikuwa akichambua ndagala, dagaa wa ziwani walioletwa kutoka Gitaza, akatoa sauti moja, akaanguka ubavu juu ya ungo. Watu waliokuwepo walirudi nyuma wote pamoja, hata Mama mkubwa aliyemzaa, akiwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili. Nilimgeuza, nikaweka kanga chini ya kichwa chake, nikaondoa ungo, nikasubiri. Sikumzuia wala sikumtia kitu mdomoni, maana hilo angalau nilikuwa nimejifunza. Povu likanigusa mkono. Alipotulia na kulala, Mama mkubwa alinijia na sabuni na majivu, akanisimamia ninawe, ninawe tena, huku akilia kimya kimya, na mimi nikanawa kwa sababu ya machozi yake, si kwa sababu ya povu. Kisha sinia likaletwa. Niliketi mahali pangu, nikamega ugali. Mikono mingine yote ikasimama.

"Umenawa?" akauliza Baba mkubwa.

"Nimenawa, Mama mkubwa ameona."

Hakuna aliyemega. Mvuke ulitoka kwenye ugali na sisi tukiutazama. Walikuwa na njaa, wamefanya kazi tangu alfajiri, na walikuwa wakinisubiri niondoke lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kuniambia. Basi nikasimama, na nilisimama kwa hasira, nikaenda nyuma ya jiko ambako Mwajuma alikuwa ameamka na kuegemea ukuta na sahani yake mapajani. Nikaketi kwenye ngazi na kula naye kwenye sahani hiyo hiyo, waziwazi, mlango ukiwa wazi ili wote waone. Nilidhani nimefanya jambo kubwa. Nilidhani kesho yake mtu ataona haya, au angalau atauliza. Kesho yake nilipokwenda kunawa uso nilikuta misumari miwili nje ya jiko. Kwenye wa pili ilining'inia sahani mpya, na tundu lake lilikuwa bado linang'aa.

Hivyo ndivyo nilivyokula mpaka mwaka ukaisha. Si kwamba walinichukia. Mama mkubwa alinipakulia nyama zaidi ya wengine, Baba mkubwa aliniulizia kazi yangu imefika wapi, na usiku walinitakia usingizi mwema. Walinitobolea sahani tu, kwa upendo, wakisikitika. Na Mwajuma, ambaye nilidhani atanishukuru, alikasirika.

"Nani alikuomba?" akaniuliza siku zile za kwanza, bila kunitazama.

"Nilitaka waone."

"Wameona. Sasa tuko wawili." Akamega, kisha akaniita Yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake. "Weye ulichagua, Yaya. Mie nilipewa. Siku utaenda zako, watakurudishia sinia. Mie je?"

Akamega tena kabla sijafungua mdomo. Alikuwa na ulimi mkali na alikula upesi, na kwa kuwa hatukuona maana ya sahani mbili tukawa tunachanganya chakula kwenye yake ya zamani, akanizidi kila mara. Tulipata mkia wa samaki, na wakati mwingine sehemu ya katikati, na yeye alizungumza juu ya kichwa. Zamani, kabla ya kuanguka, alikuwa mtoto pekee ambaye baba yake alimmegea kichwa cha mukeke. Alikuwa akikaa ubavuni pake na kufungua mdomo. Alinieleza hivyo mara moja tu, kisha akanicheka kwa vile nilivyomtazama. Nilimweleza memwari yangu mwanzo hadi mwisho, akasikiliza huku akichokoa meno kwa kijiti, na mwishoni akasema ni nzuri, ila asingependa kuingizwa ndani yake. "Andika yote," akasema, "mie uniache." Sikumwandika. Leo namwandika kwa ruhusa yake.

Nilitetea memwari mwishoni mwa mwaka. Mmoja wa walimu alifanya mzaha juu ya bangi, wenzake wakacheka, mwingine akauliza kazi hii ina faida gani kwa Burundi. Nilijibu vizuri, kwa Kifaransa kizuri, na nikapewa alama nzuri, nikatoka nje nikiwa nimechoka kama mtu aliyegombana. Nilirudi Rumonge kuchukua vitu vyangu. Siku ya kuaga, Mama mkubwa alipika vizuri sana, na nilipotazama nje ya jiko nikaona msumari mmoja ni mtupu. Sahani yangu ilikuwa imeondolewa. Nafasi yangu ilikuwa imeachwa kwenye sinia, kama Mwajuma alivyosema.

"Baba mkubwa," nikasema bila kuketi, "miezi hii yote nimekula na Mwajuma. Sahani moja. Kikombe kimoja. Nimeanguka?"

"Hapana. Al-hamdulillah."

"Basi si mumeona? Si hilo ndilo jibu?"

Alinitazama kwa mapenzi. "Weye Mungu amekulinda," akasema. "Keti, chakula inapoa."

Sikuketi. Nilikwenda kula nyuma ya jiko, na yeye akaudhika, na niliondoka Rumonge tukiwa hatujaagana sawasawa. Ningependa kusema kwamba kulikuwa na siku ya ushindi baada ya hapo. Haikuwepo. Miaka ikapita, vidonge vikaanza kupatikana bila kukatika, Mwajuma akaacha kuanguka, na siku moja Mama mkubwa akasahau, au akajifanya kasahau, kuchukua sahani msumarini, akamwita kwenye sinia kwa jina lake. Hakuna aliyeomba radhi, wala aliyekumbuka kwamba kulikuwa na mtu aliyewahi kueleza. Moto wa mapipa ulihamishiwa mbali, Mwajuma akarudi mdomoni mwa mashine, akaita "Tuliza!" na mawese yetu yakawa masafi tena. Niliyasikia hayo kwa simu, nikafurahi, na furaha yenyewe ikawa na ukakasi.

Ndiyo maana sahani ile siku ya matanga ilinichoma. Nilisubiri mpaka wageni wa alasiri wapungue, nikamkuta Mwajuma nyuma ya jiko, kwenye ngazi yetu, akichagua mawe kwenye mchele wa hitima. Ameongezeka mwili, ana miwani. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, kisha nikashindwa kujizuia. Nikamwonyesha msumari kwa kidevu.

"Wamekurudishia?"

Alitazama, akacheka kwa pua. "Haiko yangu, Yaya. Iko ya Baba."

Akanieleza huku mikono yake ikiendelea na mchele. Baba mkubwa alipata kiharusi, hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba miezi michache baadaye alianza kuanguka. Mara ya kwanza alipozinduka aliona povu kwenye mkono wa kanzu yake, akalitazama kwa muda mrefu. Asubuhi yake alimwomba Mama mkubwa amletee ile sahani ya zamani kutoka stoo. Walimkatalia. Daktari alimwambia haiambukizi, muuguzi akamwambia, hata redio yake mwenyewe ilikuwa imeshasema. Akawajibu kwamba povu ni povu, na kwamba nyumbani kwake kuna wajukuu. Akaitundika mwenyewe kwa mkono uliobaki na nguvu, na tangu siku hiyo yule mtu aliyekaa kichwani mwa sinia maisha yake yote akahamia kwenye ngazi hii, akitazama migazi. Mama mkubwa alimpelekea samaki mzima, maana hakuwa na moyo wa kumkata.

Nikaketi kwenye ngazi kando yake. Miaka yote nilimchukua kama mtu aliyemdharau binti yake, na dharau ningeijua namna ya kuichukia. Kumbe aliamini. Aliamini kabisa, na alitulinda dhidi ya binti yake, kisha akatulinda dhidi yake mwenyewe kwa sheria ile ile, bila kujipunguzia. Nikamkasirikia upya, kwa sababu sasa sikuwa na pa kuiweka hasira yangu.

"Na weye ulifanya nini?" nikauliza.

"Nilikuja kukaa naye. Nilimega mu sahani yake. Akaivuta. Nami nikaivuta. Akasema, 'Mwajuma, utapata ugonjwa.'" Aliokota jiwe kwenye mchele akalitupa. "Nikamuambia, 'Nitaupata mara ngapi, Baba?'"

Nikamuuliza alijibu nini. Nakiri niliuliza kama mwalimu, nikitaka kusikia kwamba mwishowe, hata kama ni kwa kuchelewa, alielewa.

"Alimega kichwa ya mukeke," Mwajuma akasema. "Akanisukumia upande wangu."